Faki na Bajia za Siku ya Mwaka

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Itikieni tena, kama wenye njaa. Paukwa!

— Pakawa!

Ehee, hivyo ndivyo. Wadogo sogeeni mbele, wakubwa kaeni nyuma, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Hadithi hii ni ya jikoni, haitaki kelele.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa wakipika. Msiniulize walishika mwiko kwa kwato gani. Walipika, wakakaanga, wakaalikana. Na katika vichaka vya ng'ambo ya mto mkavu aliishi Digidigi mmoja, jina lake Faki.

Digidigi mnamjua? Ni paa mdogo, mdogo hasa. Miguu kama vijiti, pua ndefu ya kunusanusa, na moyo mwepesi wa kushtuka. Jani likianguka, po! Yeye huyoo, kesha kimbia. Lakini ana jambo moja kubwa: akioa, ameoa. Faki alimwoa Mize. Walikwenda pamoja, wakarudi pamoja. Ukiona nyayo za mmoja, za mwenzake zi pembeni. Wakapata mtoto wa kike, wakamwita Tatu, kwa kuwa sasa walikuwa watatu.

Masika ya mwaka ule Mize akaugua. Siku ya kwanza homa. Siku ya pili homa. Siku ya tatu, ya nne, ya tano, homa tu. Siku ya saba Mize hakuamka.

Majirani wakaja. Wakalia, wakazika, wakakaa siku za matanga, wakarudi makwao. Nyumbani wakabaki wawili.

Tangu siku ile Tatu akawa hali chakula. Baba anamletea majani mabichi, ya ncha, yenye umande.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, Baba."

"Umekula majani mawili!"

"Nimeshiba."

Majani mawili! Nani ameshiba kwa majani mawili? Masika yakapita, kipupwe kikaingia. Mbavu za Tatu ungeweza kuzihesabu moja moja. Faki akiziona anageuza uso.

Sasa, wanyama wa vichaka vile walikuwa na sikukuu yao, Siku ya Mwaka. Mwaka mmoja unatoka, mwingine unaingia, nao wote hukutana uwandani. Ngiri ataleta mihogo. Nungunungu ataleta maboga. Bi Kanga ataleta mtama wa kuchemsha. Vyakula vinapangwa mkekani mpaka mkeka hauonekani. Lakini hakuna anayegusa. Tumbo lingurume, gruu, gruu, bado hakuna anayegusa. Kwanza kipite kifungulio.

Kifungulio ni kile kitu kidogo cha mwanzo. Kila mmoja kimoja tu, cha kuamsha ulimi na kulipigia tumbo hodi. Na kifungulio cha Siku ya Mwaka, miaka nenda, miaka rudi, kilitoka nyumba ya Mize. Zilikuwa bajia za adesi. Ndogo, mviringo, kavu nje, laini ndani. Si chakula cha kifalme. Adesi, kitunguu, pilipili, chumvi, basi. Lakini Siku ya Mwaka bila bajia zile ilikuwa haijaanza.

Siku nne kabla ya sikukuu Bi Nguchiro akaja. Bi Nguchiro ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kupanga nani alete nini. Mbio mbio, mkia juu, maneno bila chumvi.

"Hodi hapa!"

"Karibu."

"Sikai, nina nyumba nyingi za kupita. Nimekuja kuuliza. Kifungulio mtaleta, hamtaleta?"

Faki akatazama chini. "Hatuleti."

"Basi mimi nitakaanga karanga."

"Kaanga."

"Na wewe mwenyewe utakuja?"

"Sidhani."

Bi Nguchiro akafungua mdomo aseme neno. Akaufunga. Akaenda zake, na safari hii mkia ulikuwa chini.

Tatu alikuwa nyuma ya mlango. Kasikia yote. Akatoka taratibu, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba."

"Naam, mama."

"Mama alipokufa, na bajia zilikufa?"

Jamani, jibuni ninyi. Ungejibu nini? Faki akamtazama mwanawe. Akakaa. Akainuka. Akakaa tena. Halafu akainuka moja kwa moja, akaingia jikoni.

Tangu masika hakuwa ameingia mle. Kinu kilikuwa pale pale, kimeinamishwa. Mchi umesimama ukutani, na buibui kajenga kati ya mchi na ukuta. Kwenye kona kulikuwa na mtungi. Faki akaufunua, akatia pua yake ndefu. Adesi! Mize alikuwa ameziweka, zikabaki. Akazipima. Kibaba cha kwanza, kibaba cha pili, kibaba cha tatu. Mtungi ukaisha.

"Tatu," akasema, "tutapika bajia."

"Unajua, Baba?"

"Zinapikwa na watu, sisi zitatushinda?"

Akachukua kibaba cha kwanza. Akafikiri. Maharage huchemshwa. Kunde huchemshwa. Adesi nazo ni nani hata zisichemshwe? Akatia chunguni, akatia maji, akachochea moto. Toko, toko, toko. Zikaiva, zikavurugika, zikawa uji. Akateleka mafuta. Akachota uji kwa upawa, akamimina.

Chwaaaa!

Mafuta yakafura, yakaruka, yakatema. Faki akaruka hatua tatu nyuma, Tatu akaruka nne. Waliporudi kuchungulia, hapakuwa na bajia. Kulikuwa na mafuta machafu yenye vumbi vumbi la adesi. Kibaba cha kwanza kwaheri.

"Si kitu," akasema Faki. "Kesho nitauliza majirani. Wamezila miaka yote, watazijua tu."

Kesho yake asubuhi akashika njia. Akaanza kwa Bi Kanga, aliyekuwa shoga yake Mize, wakichota maji pamoja, wakisukana pamoja, kama mnakubali kwamba kanga husukwa.

"Shemeji! Karibu, karibu, karibu!" Kanga huyo, neno moja husema mara tatu.

"Starehe, shemeji. Nimekuja kuuliza. Zile bajia za Siku ya Mwaka, zilitiwa nini?"

"Ah, zile bajia! Zile za... za..." Bi Kanga akasita. Akameza, kama aliyemeza punje ya mtama kavu. "Zile bajia za kwenu. Pilipili, shemeji! Pilipili, pilipili! Zilikuwa kali zikinitoa machozi. Tia sita."

Faki akashukuru, akaenda kwa Mzee Nungunungu. Akamkuta anapalilia maboga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bajia? Naam. Zile alizokuwa akipika... hm." Nungunungu akakohoa, miiba ikatikisika, kacha kacha. "Zile bajia za siku zile. Kitunguu saumu. Kingi. Mengine ni urembo."

Akaenda kwa Bi Pimbi, anayeishi mawe ya juu, mnene, mpenda utamu.

"Bajia zile?" Bi Pimbi akatazama huku, akatazama kule, kama anayetafuta pa kutoka. "Zile... mnazijua wenyewe. Tamu tamu. Tia tui la nazi na sukari kidogo, utaona."

Faki akarudi nyumbani polepole. Kichwani alikuwa na pilipili, saumu, tui na sukari. Kifuani alikuwa na kitu kingine. Amepita nyumba tatu, na katika nyumba tatu hakuna aliyetaja jina la Mize. Hata mmoja. "Miezi mitatu tu," akajisemea, "wamekwisha kumsahau."

Akaingia jikoni. Kibaba cha pili. Akachemsha tena, ila kidogo. Akaponda. Pilipili sita, ndani. Saumu kichwa kizima, ndani. Tui, ndani. Sukari, ndani. Akaongeza unga zishikane. Akakaanga. Zikatoka mabonge meusi, mazito kama mawe ya mafiga.

"Onja, Tatu."

Tatu akatazama bonge. Akatazama uso wa baba yake. Akauma. Macho yakatoka machozi, pua ikatoka maji, masikio yakasimama wima.

"Nzuri, Baba," akasema kwa sauti nyembamba. Kisha akazunguka nyuma ya kinu, akatema.

Faki alimwona. Akaketi pale pale sakafuni, miguu yake minne chini yake, na machozi yakaanza kumtoka.

"Baba, unalia?"

"Vitunguu hivi."

"Vitunguu hatukukata, Baba."

Tatu akaja akakaa ubavuni mwake, mbavu zake nyembamba zikagusa mbavu za baba.

"Mimi sijui, mwanangu," akasema Faki. "Siku zote mimi nilikuwa nje nalinda mpaka wetu. Mama yako yu ndani, mimi ni nje. Nilikuja kula tu."

"Mama alikuwa akiimba akizipika."

"Najua. Nilikuwa namsikia kutoka kule nje."

"Maneno yake unayakumbuka, Baba?"

Faki akafungua mdomo. Mahadhi aliyajua. Mm-mm, mm-mm-mm. Angeyajua hata usingizini. Lakini maneno? Akatafuta la kwanza, halipo. Akatafuta la pili, halipo. Wimbo ule aliusikia miaka yote, na maneno yake hakuyasikiliza hata siku moja.

"Wewe unayajua?" akauliza taratibu.

Tatu hakuwa ameimba tangu masika. Akainamisha kichwa. Akaanza, sauti ndogo, kama mbu aliye mbali:

*Adesi lala, lala majini,*
*Kukicha toka, keti ungoni,*
*Chungu si chako, nenda kinuni,*
*Ukipondeka, zama mafutani.*

"Rudia," akasema Faki.

Tatu akarudia.

"Rudia tena hapo penye chungu."

"*Chungu si chako, nenda kinuni.*"

Faki akasimama. Akaruka juu, pyuu! kama aliyekanyaga siafu.

"Chungu si chako! Tatu! Hazichemshwi!"

"Hazichemshwi, Baba. Zinalala kwenye maji, basi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Tatu akamtazama. "Hukuniuliza. Ulimwuliza Bi Kanga."

Ehe. Mmesikia hilo? Kaeni nalo.

Kilibaki kibaba kimoja. Kikiharibika hicho, hakuna kingine. Siku ya mkesha, jua likiwa bado liko juu, Faki akazimwaga adesi kwenye bakuli, Tatu akamimina maji. Wakazitazama zikizama. Wakafunika. Wakaziacha zilale.

Kulipopambazuka wakafunua. Adesi zimefura, zimenenepa kama zilizokula sikukuu kabla yao. Wakazichuja, wakazitandaza kwenye ungo, wakazipulizia upepo mpaka maji yakauka. Buibui akahamishwa kwa heshima zote. Mchi ukashikwa.

Twa! Twa! Twa!

Faki anaponda, Tatu anaimba. Twa! *Adesi lala.* Twa! *Lala majini.* Sauti ya Tatu ikaanza kupanda. Wa kwanza ulikuwa wimbo wa mbu, wa pili wa chiriku, wa tatu majirani wakausikia, wakasimama walipo na vyungu vyao mikononi.

Lakini digidigi ni mdogo, na mchi ni mkubwa. Mize alikuwa akiponda mpaka adesi zinakuwa laini kama donge la unga. Faki akaponda, akaponda, mabega yakagoma. Akachungulia. Nusu zimelainika, nusu ni punje nzima nzima.

"Mama alikuwa anaponda zaidi," akasema Tatu.

"Mabega yangu yamekwisha, mwanangu."

Tatu akatia ukwato, akabonyeza. "Basi. Zitakuwa hivyo."

Wakatia kitunguu kilichokatwa vipande vidogo. Wakatia pilipili moja, si sita. Wakafika kwenye chumvi.

"Chumvi kiasi gani?" akauliza Faki. "Wimbo unasemaje?"

Tatu akauimba wote chini chini, tangu mwanzo mpaka mwisho. "Wimbo hausemi."

"Hausemi?"

"Hausemi, Baba."

Wakatazamana. Faki akasukuma kibuyu cha chumvi mbele ya mwanawe. "Basi tia unavyopenda wewe."

Tatu akatia. Kidogo. Akafikiri. Akaongeza.

Wakafinyanga. Za Mize zilikuwa mviringo kama mwezi. Za kwato za Faki zikatoka na pembe huku na shimo huku. Mafuta yakapata moto. Faki akashika ya kwanza, akaitumbukiza.

Chwaaa.

Ikazama. Wakabana pumzi. Ikakaa chini. Ikakaa. Ikakaa. Faki akafumba macho. Halafu, pu! Ikaibuka. Ikaelea, ikajizungusha, ikaanza kugeuka rangi, manjano, kisha kahawia, na harufu ikapanda. Harufu ile! Ikatoka jikoni, ikapita uani, ikavuka vichaka.

Faki akaitoa, akaipuliza, akampa Tatu. "Ya kwanza yako."

Tatu akatikisa kichwa. "Kule. Nitakula kule."

Aliogopa. Mimi nawaambieni, mtoto aliogopa. Akiiuma, na isiwe ya mama yake, itakuwaje?

Wakazikaanga zote. Wakazipanga kwenye sinia, wakafunika kawa. Wakashika njia ya uwandani, baba mbele na sinia kichwani, mwana nyuma.

Uwandani wote walikuwa wamekwisha fika. Ngiri, Nungunungu, Bi Pimbi na watoto wake wanane, Bi Kanga na ukoo mzima. Mkeka umejaa. Katikati pameketi bakuli la karanga za Bi Nguchiro. Faki alipotokea, vichwa vyote vikageuka, pwa! Hakuna aliyemtazamia.

"Nimeleta kifungulio," akasema.

Bi Nguchiro akavuta bakuli lake la karanga, akalisukuma pembeni kabisa, akafagia mkeka kwa mkia pale palipobaki wazi.

Faki akafunua kawa. Sinia likaanza kupita. Mzee Nungunungu moja. Ngiri moja. Bi Pimbi moja, akatamani mbili, akajizuia. Kila mmoja akauma. Kru! Kru! Kru! Punje zile zisizopondeka zilikuwa zikilia menoni. Wakatafuna. Wakatazama chini. Faki akasimama katikati yao, na moyo wake unamwenda mbio, du du du du, na miguu inamwambia kimbia.

Ndipo Bi Nguchiro akameza, akasema waziwazi:

"Hizi si za Mize."

Loo! Bi Kanga akajifunika mdomo kwa bawa. Miiba ya Nungunungu ikasimama, shaaa! Bi Pimbi akawaziba watoto masikio, kama alivyoweza kwa watoto wanane. Wote wakamtazama Faki. Sasa atakimbia. Sasa ataanguka.

Faki hakukimbia. "Umesema nini?" akauliza.

"Nisamehe, Faki. Ulimi wangu huu..."

"Hapana. Rudia ulivyosema."

Bi Nguchiro akameza mate. "Nimesema si za Mize."

"Rudia jina."

"Mize."

Faki akavuta pumzi ndefu, kama aliyetoka chini ya maji. Tangu masika jina lile hakulisikia katika kinywa cha mtu mwingine. Lilikuwa kwake tu, ndani yake, likimlemea.

"Ni kweli," akasema. "Si za Mize. Niliziiga za Mize, zikanishinda mara mbili. Za Mize zimekwenda na Mize. Hizi ni zangu na Tatu. Zina punje kwa kuwa mabega yangu ni mabovu. Chumvi ametia Tatu. Hivyo ndivyo zilivyo." Akawatazama mmoja mmoja. "Nilidhani mmemsahau. Nimepita nyumba zenu, na hakuna aliyemtaja."

"Kumsahau?" Bi Kanga akapiga kelele. "Kumsahau, kumsahau, kumsahau? Shemeji! Tuliogopa kukutonesha! Tulisema tukimtaja utalia!"

"Nililia kwa kuwa hamkumtaja."

Bi Kanga akaangua kilio, akaja akamfunika Faki kwa mabawa yake mawili. Na hapo ndipo vinywa vilipofunguka.

"Mimi nimsahau?" akasema Mzee Nungunungu, na sauti yake ilikuwa nzito. "Mwaka wa ukame, nyumbani kwangu hapakuwa na hata mbegu ya boga. Alikuja na kibaba cha adesi, akaniambia, mzee, usimwambie mtu. Sikusema. Leo nasema."

"Mimi alinizalisha hawa watatu wa mwisho," akasema Bi Pimbi. "Mvua inanyesha, yeye anaimba, na mimi namwambia nyamaza nasikia uchungu, na yeye anaimba tu!"

"Na mimi," akasema Bi Nguchiro, "kila mwaka aliniambia karanga zangu zinaungua. Kila mwaka! Hakunificha hata siku moja." Akafuta macho kwa mkia. "Na kweli zinaungua."

Wakacheka. Wakalia. Aliyecheka akalia, aliyelia akacheka. Mmoja akimaliza mwingine anaanza: Mize na nyuki, Mize na ndoo iliyotoboka, Mize alipompigia Chui mluzi akidhani ni mumewe. Mihogo ikapoa. Maboga yakapoa. Hakuna aliyejali.

Na Tatu?

Tatu alikuwa ameketi kando ya sinia. Masikio yake yakigeuka huku, yakigeuka kule. Kila anayesema jina la mama yake, anamtazama mdomoni. Mambo mengine alikuwa hajawahi kuyasikia. Huyu mama aliyempigia Chui mluzi, alikuwa hamjui! Na akiwa anasikiliza hivyo, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye sinia. Ukachukua bajia yenye pembe. Ukaipeleka mdomoni.

Kru.

Akatafuna. Akatulia kidogo. Akatafuna tena.

Mkono ukarudi. Ya pili. Ukarudi. Ya tatu. Ya nne.

Faki alimwona toka chini ya bawa la Bi Kanga. Hakusogea hata unywele. Digidigi ni wepesi wa kushtuka, nanyi mnajua. Akamwacha ale.

Alipofika ya sita Tatu akajifuta mdomo, akainua macho, akamwona baba yake anamtazama.

"Baba."

"Naam, mama."

"Mwakani tupunguze chumvi kidogo."

Bi Nguchiro akasema, "Hata mimi nilitaka kusema hivyo." Na wote wakacheka mpaka ndege wakaruka vichakani. Kisha wakavishambulia vyakula, vya baridi vile vile, mpaka mkeka ukaonekana.

Basi. Mafunzo yake ni haya, wadogo kwa wakubwa, nayasema wazi asije mtu akaniuliza njiani. Aliyefiwa usimfiche jina la mpenzi wake ukidhani unamhurumia. Mtaje, mlie pamoja. Na wewe uliyeachiwa kazi na aliyekwenda, usiutafute mkono wake, haupo. Fanya kwa mkono wako, hata ikitoka na pembe. Na ukitaka kujua jambo la nyumbani kwako, kabla hujazunguka kwa majirani, mwulize mtoto aliyekaa mlangoni.

Hadithi yangu imefika hapa, nami nimefika nayo. Ikiwa tamu, chukueni mwende nayo kwenu. Ikizidi chumvi, niachieni mimi.